Kinywa Jumba la Maneno: Rai Kuhusu Ufunzaji wa Matamshi ya Kiswahili Nchini Kenya

Wahenga walisema kuwa ulimi hauna mfupa. Aghalabu methali hii hutajwa ili kumwonya mtu anayeahidi asichoweza kutimiza au anayesema leo hili na kesho lile. Hata hivyo, methali hii ni kweli tupu hata ikivuliwa fumbo lake. Ulimi wa binadamu hauna mfupa ndani yake. Ni fungu la misuli iliyofumana: aina nne za misuli hiyo zimo ndani ya ulimi wenyewe na kazi yake ni kuubadilisha umbo, na aina nyingine nne zinauunganisha ulimi na taya, fuvu, kaakaa na mfupa mdogo wa shingoni, na kazi yake ni kuupeleka mbele, nyuma, juu na chini. Wanabayolojia huuweka ulimi katika kundi moja na mkonga wa ndovu na mkono wa pweza. Viungo hivi havina mifupa ya kuvitegemeza, lakini ukivibana upande mmoja hujitokeza upande mwingine, kwa kuwa ujazo wake haubadiliki. Wavuvi wa pwani waliowahi kumwona pweza akijipenyeza katika tundu la mwamba hawahitaji maelezo zaidi.

Kiungo chenye wepesi wa namna hii hakizaliwi kikiwa cha kabila fulani. Mtoto mwenye afya, awe wa Lamu, Nyeri, Siaya au Kericho, huzaliwa na ulimi unaoweza kujifunza sauti za lugha yoyote ile duniani. Iweje basi idadi kubwa ya wanafunzi wa Kenya wanahitimu shule za upili wakiamini kuwa ndimi zao ni nzito, na kwamba Kiswahili kizuri kiliumbiwa vinywa vya watu wengine? Rai ya makala haya ni kwamba chanzo cha imani hii si kinywa cha mwanafunzi. Chanzo ni jinsi kinywa hicho kinavyofundishwa: kinachorwa ubaoni, kinakaririwa, kinachekwa, na mwishowe kinatahiniwa kwa kalamu.

Mchoro Usiosema

Hakuna mwanafunzi wa isimu asiyeujua mchoro wa ala za sauti. Ni uso wa mtu uliopasuliwa katikati, huku mishale ikielekezwa kila upande: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kimio, ncha ya ulimi, bapa la ulimi, ulimi kati, ulimi nyuma, shina la ulimi, koromeo na nyuzi za sauti. Mwanafunzi hukutana nao katika shule ya upili, akaunakili daftarini. Akijaliwa kufika chuo kikuu hukutana nao tena katika kozi ya fonetiki na fonolojia, akaunakili upya. Ukimwuliza sauti /gh/ ni ya aina gani, atajibu bila kusita: kikwamizo ghuna cha kaakaa laini. Ukimwomba aitamke, huenda akasema /g/ au /k/, kisha akatabasamu kwa haya.

Ikumbukwe kwamba mchoro huu ni chombo chenye manufaa, na hakuna anayependekeza uchomwe moto. Lakini una mipaka ambayo walimu wachache huitaja. Mpaka wa kwanza ni wa istilahi. Neno kidakatonge, kwa mfano, hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa laini, ambacho wengine hukiita kimio au kilimi. Waandishi wengine hulitumia kwa kile kifuniko kinachoziba njia ya hewa wakati wa kumeza. Mwanafunzi anayesoma vitabu viwili hubaki na mishale miwili na jina moja. Lau angeshika kioo, akafungua kinywa na kutamka irabu /a/, angekiona kinyama hicho kikiinuka pamoja na kaakaa laini. Angeelewa pia kwamba kifuniko cha njia ya hewa kimejificha chini zaidi, nyuma ya shina la ulimi, ambako kioo cha kawaida hakifiki. Baada ya hapo hata istilahi zikigongana, yeye hatapotea.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Mchoro umepasuliwa katikati ya uso, kwa hivyo hauonyeshi kingo za ulimi. Zingatia sauti mbili ambazo kuchanganywa kwake ndiko kunakochekwa sana nchini Kenya, yaani /l/ na /r/. Katika kutamka /l/, ambayo ni kitambaza, ncha ya ulimi hushika ufizi na kutulia hapo, huku ukingo mmoja au kingo zote mbili za ulimi zikishuka na kuipisha hewa pembeni. Katika kutamka /r/, ambayo ni kimadende, ncha hugonga karibu na ufizi na kuachia upesi, mara moja au mara kadhaa. Siri ya /l/, basi, iko pembeni mwa ulimi, na pembeni ndipo mahali ambapo mchoro hauonyeshi. Ukiuchora ulimi wa /l/ kwa namna hiyo ya vitabuni, utafanana mno na ulimi wa /d/. Ni bayana kuwa mwanafunzi anaadhibiwa kwa kutojua jambo ambalo chombo anachofundishiwa hakiwezi kumwonyesha.

Ilhali njia ya kumwonyesha ni nyepesi na haigharimu hata senti moja. Mwanafunzi na auweke ulimi wake katika mkao wa /l/, asitoe sauti, kisha avute hewa ndani kwa nguvu kupitia kinywani. Atahisi ubaridi kwenye kingo za ulimi. Ubaridi huo ndio somo lenyewe. Ndipo hewa inapopita. Aufanye mkao wa /d/ na kujaribu vivyo hivyo, hewa itakataa kupita. Baada ya dakika tatu atakuwa amejifunza kuhusu kitambaza zaidi ya alivyojifunza kwa muhula mzima wa kunakili.

Iwapo kuna anayedhani kwamba michoro haiwezi kukipotosha kizazi kizima, na atazame historia ya ramani ya ladha. Mwaka 1901 mtafiti Mjerumani aitwaye Hänig alichapisha matokeo yaliyoonyesha tofauti ndogo za wepesi wa kuhisi ladha katika sehemu mbalimbali za ulimi. Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Boring, aliyawasilisha matokeo hayo kwa namna ambayo wasomaji waliielewa visivyo. Tangu hapo vitabu vya shule katika nchi nyingi vikachora ulimi uliogawanywa kama mashamba: utamu kwenye ncha, uchungu nyuma, chumvi na ukali kandokando. Sasa inafahamika kwamba kila sehemu ya ulimi yenye vihisio vya ladha huhisi ladha zote hizo. Mtoto yeyote mwenye chembe ya chumvi jikoni kwao angeweza kuitia kwenye ncha ya ulimi na kuukanusha mchoro huo papo hapo. Wengi hawakufanya hivyo, kwani walikuwa wamefunzwa kuuamini ukurasa kuliko kinywa.

Kicheko cha Darasani

Msomaji na atafakari darasa la kidato cha kwanza katika shule yoyote ya mashambani. Mwalimu anamwita msichana asome kifungu cha ufahamu kwa sauti. Anasimama, anasoma sentensi mbili vizuri, kisha neno "lakini" linamtoka likiwa "rakini". Kicheko kinaanzia nyuma ya darasa na kufika mbele. Mwalimu naye, ambaye pengine hana nia mbaya, anatabasamu na kusema kwamba ulimi wa kwao umemponyoka. Msichana anamaliza kifungu kwa sauti ya chini. Kuanzia siku hiyo hainui mkono tena katika kipindi cha Kiswahili. Insha zake zitaendelea kuwa nzuri, huenda hata akapata alama ya A katika mtihani wa mwisho, lakini Kiswahili hatakizungumza mbele ya watu kwa hiari yake. Visa vya namna hii ni vya kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayevihesabu kuwa ni hasara.

Nje ya darasa kicheko hicho kimekuwa mtaji. Vichekesho vingi vya redio na televisheni nchini Kenya hujengwa juu ya matamshi ya makabila: huyu hutamka /s/ palipo na /sh/, yule hutamka /p/ palipo na /b/. Hakuna ubaya watu kucheka pamoja. Tatizo huzuka pale ambapo sauti moja inatosha kumfanya msikilizaji adhani kwamba ameshamjua msemaji, amejua atokako, ampigiaye kura na tabia yake. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kisa cha kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, ambapo Wagileadi walivizuia vivuko vya mto Yordani na kumtaka kila apitaye atamke neno Shibolethi. Aliyesema Sibolethi aliuawa, na kisa hicho kinataja Waefraimu 42,000 walioangamia. Kilichowatenganisha na uhai ni sauti /sh/, yaani kuurudisha ulimi nyuma kidogo tu kutoka ufizini. Nchi iliyopitia machafuko ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 haina budi kuwa makini na mazoea ya kumpima mtu kwa ncha ya ulimi wake. Lugha ambayo Katiba ya 2010 imeitaja kuwa lugha ya taifa haipaswi kuwa mzani wa kuwapimia watu ukabila.

Aidha, kicheko hicho kinalenga kiungo kisichohusika. Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba watoto wachanga wa miezi 6 hadi 8, waliolelewa katika Kiingereza, waliweza kuzipambanua sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa Kanada ambazo hawakuwahi kuzisikia. Walipofika takriban mwaka mmoja, uwezo huo ulikuwa umefifia. Sikio lilikuwa limejifunza kuzingatia tofauti zenye maana katika lugha ya nyumbani na kuzipuuza nyingine. Kwa mintarafu hii, anayezichanganya /l/ na /r/ hana ulimi mzito. Ana sikio lililozoea kuzihesabu sauti hizo kuwa moja, kwa sababu katika lugha ya mama yake kuna sauti moja tu ya aina hiyo. Mazoea hurekebishwa kwa mazoezi, na hakuna aliyewahi kurekebishwa sikio lake kwa kuchekwa.

Wapo, bila shaka, wanafunzi wachache wenye matatizo halisi ya maumbile: kigwe kilicho chini ya ulimi kikiwa kifupi mno, kaakaa lenye mwanya tangu kuzaliwa, kithembe au kigugumizi. Hawa wanahitaji daktari au mtaalamu wa usemi, na wanahitaji mwalimu anayejua tofauti kati ya hali hizo na athari za lugha ya kwanza. Mwalimu ambaye hajawahi kufundishwa kukitazama kinywa atawachanganya wote na kuwaita wazembe.

Hazina Iliyomo Kinywani

Linalosikitisha zaidi ni kwamba vinywa hivi vinavyochekwa vimebeba hazina ambayo Kiswahili kinaihitaji. Sauti /gh/ imekuwa kizingiti kwa wengi, wakiwemo wakazi wa mijini wanaojivunia Kiswahili chao. Husema "luga" badala ya "lugha" na "gali" badala ya "ghali". Sasa msikilize mzawa wa lugha ya Gikuyu akilitaja jina la lugha yake kwa lafudhi ya nyumbani. Ile herufi g ya mwanzo haitamkwi kama /g/ ya neno "gari". Ulimi nyuma hulikaribia kaakaa laini bila kuligusa, hewa ikakwaruza kwa mghuno. Hiyo ndiyo /gh/ ya Kiswahili. Msichana aliyechekwa kwa "rakini" huitamka sauti hiyo kila siku kabla ya kunywa chai ya asubuhi, ilhali darasani anakariri kuwa ni kikwamizo ghuna cha kaakaa laini kana kwamba ni sauti ya nchi ya mbali.

Hali kadhalika sauti /dh/. Wazungumzaji wengi husema "zahabu", "zambi" na "feza", na hakuna anayewacheka. Mzungumzaji wa Gikuyu anayo sauti hii tayari, ingawa katika maandishi ya lugha yake huandikwa kwa herufi th. Mwalimu mwenye kujua hili angemwambia mwanafunzi wake kwamba sauti ya "dhahabu" anayo kinywani, aitoe tu. Jambo hili lina uzito wa kimaana pia, kwani "dhana" si "zana", wala "thamani" si "samani".

Mzungumzaji wa Dholuo huchekwa kwa kusema "samba" badala ya "shamba". Lakini yeye hutofautisha /t/ mbili: moja ambayo ncha ya ulimi hugusa meno na nyingine ambayo hugusa ufizi. Katika Dholuo, neno "tho" lahusu kifo na neno "to" ni kiunganishi, na tofauti iko mahali ulimi unapogusa. Wanafunzi wa lahaja wanajua kwamba Kimvita na Kiamu nazo zina /t/ ya meno na /t/ ya ufizi. Tofauti hiyo haionekani katika tahajia ya Kiswahili Sanifu, ambacho msingi wake, kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928, ulifanywa kuwa Kiunguja. Kijana wa Siaya anayesoma mashairi ya kale ya Mombasa na Lamu anazo ndani ya kinywa chake sauti ambazo wenzake wengi, hata walio hodari wa Kiswahili Sanifu, hawazisikii. Ni nani aliyewahi kumwambia hivyo?

Mzungumzaji wa Kikalenjin naye, ambaye kwake tofauti ya /p/ na /b/ haibadilishi maana ya neno, huambiwa kwamba hawezi kutamka /b/. Ukweli ni kwamba mghuno si mgeni kwake. Irabu zote anazotamka zina mghuno, na nazali zote pia. Aweke vidole kooni, atamke /m/ kwa muda mrefu, ahisi mtetemo wa nyuzi za sauti, kisha aifungue midomo bila kuukata mtetemo huo. Itakayotoka ni "mba". Kutoka hapo hadi "bata" asiyekuwa "pata" ni safari ya majuma machache ya mazoezi.

Mtihani Usiosikiliza

Huenda mwalimu akauliza: muda wa mazoezi hayo utoke wapi, ikiwa hayatahiniwi? Swali hili ni la haki, na ndilo linalofichua kiini cha tatizo. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za Kenya mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Katika mtihani wa KCSE, somo hili lina karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Zote tatu huandikwa. Hata fasihi simulizi, ambayo jina lake tu linatangaza kuwa ni ya mdomo, hutahiniwa kwa kalamu. Mtahiniwa wa Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu katika mtihani uo huo ana karatasi ya mazungumzo. Hukaa mbele ya mtahini, akafungua kinywa, akasema. Ni ajabu iliyoje kwamba kijana Mkenya anaweza kupewa alama kwa kutamka Kifaransa, na asipewe hata moja kwa kutamka lugha ya taifa lake!

Mkondo wa mwisho wa 8-4-4 unatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi ya wazi. Hii ni fursa ambayo haitarudi kwa urahisi. Stadi iliyoandikwa katika mtaala na kuachwa nje ya mtihani wa mwisho hugeuka pambo, na walimu wa Kenya wanajua hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Ni rai ya makala haya kwamba mtihani wa kuhitimu shule ya upili chini ya mtaala huo uwe na sehemu ya mazungumzo katika Kiswahili, fupi lakini yenye alama za kutosha kumfanya mwanafunzi ajiandae.

Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza itatoka kwa wale wasemao kwamba muhimu ni kueleweka, na kwamba muktadha humsaidia msikilizaji. Ni kweli kwamba muktadha husaidia. Lakini mahakamani, hospitalini na katika taarifa za habari, si vyema maana ikategemea huruma ya msikilizaji. "Kupiga kura" na "kula" vimezaa mizaha mingi ya kisiasa. "Mahali" na "mahari" vinaweza kuzaa ugomvi wa koo mbili.

Pingamizi ya pili ina nguvu zaidi, nayo yastahili heshima. Kuna wanaohofia kwamba mtihani wa mazungumzo utakuwa kiboko kipya: mtoto wa Mombasa atapata alama za bure, na mtoto wa Bomet ataadhibiwa kwa kuzaliwa Bomet. Hofu hii itakuwa ya kweli iwapo kitakachopimwa ni lafudhi. Lafudhi ni rangi ya sauti ya mtu, nayo hubeba nyumbani kwake. Mtahini hana haki ya kuifuta. Kinachofaa kupimwa ni upambanuzi, yaani iwapo msemaji anazitenga sauti zinazotenga maana na iwapo anajieleza akaeleweka. Mtu anaweza kuzitenga /l/ na /r/ barabara na bado akasikika kuwa ni Mkikuyu, Mluo au Mkalenjin, na hilo halina kasoro yoyote. Isitoshe, hali iliyopo sasa ndiyo inayomwonea mtoto wa Bomet. Hafundishwi, hatahiniwi, kisha anapokwenda kutafuta kazi ya utangazaji au ualimu anahukumiwa kwa kile ambacho shule haikuwahi kumpa.

Yanayowezekana Kuanzia Sasa

Kabla ya wakuza mitaala kuamua, kuna mengi ambayo mwalimu, na hususan mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, anaweza kuyafanya bila kungojea waraka. Kwanza, aende darasani na kioo kidogo. Pili, awafunze wanafunzi kuweka vidole kooni ili wazitenge sauti ghuna na sighuna, na kuweka kipande cha karatasi mbele ya midomo ili waone mpumuo ukiitikisa. Hiyo ndiyo tofauti ambayo wazungumzaji wa Pwani huisikia kati ya "paa" la nyumba, lisilo na mpumuo, na "paa" mnyama, mwenye mpumuo.

Tatu, vyuo vikuu visijitetee kwa kukosa maabara za kisasa. Mwanafonetiki Peter Ladefoged, aliyezitafiti lugha nyingi za dunia zikiwemo za Afrika, alitumia njia ambayo inawezekana popote. Ulimi hupakwa unga safi wa makaa ya dawa uliochanganywa na mafuta ya zeituni, msemaji akatamka neno moja, kisha kioo kikaingizwa kinywani kuonyesha ni sehemu gani ya kaakaa, meno au ufizi iliyoachwa na alama nyeusi. Kwa makaa na kioo, /t/ ya meno na /t/ ya ufizi zitaonekana kwa macho, na zile kingo za /l/ ambazo mchoro umezificha zitajidhihirisha.

Nne, na hili ndilo kuu, mwalimu aanze na kile ambacho mtoto anacho. Kabla ya kusahihisha "rakini", amwombe msichana yule awaonyeshe wenzake jinsi ya kutamka "lugha" na "ghali". Darasa lililomcheka litamhitaji. Kwa kufanya hivyo mwalimu atakuwa amefundisha fonetiki na uraia katika kipindi kimoja. Lakini ili aweze, sharti naye awe amefunzwa angalau mfumo wa sauti wa lugha inayozungumzwa katika eneo anakofanyia kazi. Kozi ya isimu linganishi inayomwacha mhitimu asijue kwamba Gikuyu ina /gh/ imemwibia muda wake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kinywa cha mwanafunzi wa Kenya hakina ila, na kwamba ila iko katika ufunzaji unaokigeuza kuwa picha. Wazee wa Kiswahili walikiita kinywa jumba la maneno. Jumba hilo lina milango ambayo mchoro hauionyeshi, na vyumba ambavyo wenyeji wake wenyewe hawajaambiwa kuwa ni vyao. Chama hiki cha wanafunzi wa Kiswahili kina wanachama kutoka takriban kila pembe ya nchi, na kila muhula baadhi yao husimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza, chaki mkononi. Siku hiyo mtoto mmoja atasimama, atasoma, na ulimi wake utateleza. Wenzake watacheka. Atakachofanya mwalimu huyo mgeni katika dakika ile ndicho kitakachoamua iwapo Kenya itampata msemaji mmoja zaidi wa lugha yake ya taifa, au itampoteza.